Saa ya Ng'ambo ya Mto

Naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, Jumapili ya mavuno pale kwetu Nyabiyonza, ambayo kengele ya kuita watu kanisani ililia mchungaji akiwa katikati ya mahubiri. Watu waligeuza shingo. Mchungaji alikuwa mgeni, ameletwa kwa pikipiki kutoka upande wa Nyakahanga. Alisikiliza mapigo yote mpaka yakaisha, kisha akasema, "Ndugu zangu, naona kuna ibada nyingine inaanza huko nje." Kanisa likacheka. Baba yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa na amekaa benchi la mbele, hakucheka. Na mimi sikucheka, maana saa iliyoamuru kengele ile ilikuwa imetoka mikononi mwangu jana yake.

Nakuandikia haya, mimi babu yako, kwa sababu nimesikia umeacha kazi ya mshahara, umefungua chumba chako mwenyewe cha kutengeneza simu na kompyuta, peke yako, na kwamba pesa kidogo unayopata unainunulia vitu vya kujifunzia. Mama yako anasema umechanganyikiwa. Ameniomba nikuonye. Mimi sikuonyi. Mimi niliishia darasa la nne, na la nne lenyewe nililitoka kwa mlango wa nyuma, lakini nyumba ya bati mliyozaliwa ndani yake niliijenga kwa bisibisi. Siwezi kumkataza mtu kupenda vyombo. Ninachotaka ni kukueleza jinsi mapenzi hayo yalivyotaka kunimaliza ndani ya wiki moja, kisha wewe mwenyewe utaamua.

Basi sikiliza.

Miaka ile ya baada ya vita vya Kagera madukani hamkuwa na kitu. Sabuni tu ilikuwa habari ya kuambizana. Kwa hiyo chombo kikifa, hakuna kusema nitanunua kingine. Redio ya baba ilikufa, nikaifungua. Sikujua chochote. Niliona vidude vyekundu na vya kahawia vimepangwa kama punje kwenye gunzi, nikakaa navyo tangu ng'ombe wanatoka mpaka wanarudi. Nilipoigusagusa kwa sindano ikakohoa, ikasema neno moja, ikanyamaza tena. Neno lile moja, mwanangu, ndilo lililoniharibu. Wengine wanapotezwa na pombe ya rubisi, mimi nilipotezwa na redio iliyosema neno moja.

Nikawa natafuta maiti za redio kila mahali. Nikaingia kwenye saa. Saa za ufunguo zile, za mkono na za ukutani, zilinipenda na mimi nikazipenda, kwa sababu saa haifichi. Ukifungua unaona jino linalosukuma jino. Chuma cha kulehemia nilikipasha kwenye mkaa, brashi yangu ilikuwa unyoya wa kuku, na mafuta niliomba kwa mama mmoja mshonaji, ya cherehani. Nikajenga kibanda sokoni, cha miti na majani makavu ya migomba.

Baba hakupendezwa. Yeye alikuwa mtu wa kibanja: migomba, mibuni chini ya migomba, maharage chini ya mibuni, na watoto chini ya maharage wanapalilia. Aliniambia hivi: "Nakupa msimu mmoja wa kahawa. Kahawa ikishapelekwa chamani, kule ushirika, kama watu bado wanakuita fundi, endelea. Kama wanakuita kitu kingine, hivyo vyuma unavifunga, unarudi kushika jembe, na sitaki kusikia habari ya redio mpaka nife." Sio vitisho. Baba hakuwa na vitisho, alikuwa na maneno tu, na yakishatoka hayarudi. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, nilijisemea, na wangu huu hapa.

Sasa ngoja nikuonyeshe mahali ubawa ulipovunjikia.

Kila saa niliyotengeneza ilibidi niipatanishe na saa ya redio. Nilikuwa na redio moja ya kupimia, pale mezani. Zamani ilishika Dar es Salaam jioni, kwa shida, kwa kuikimbiza huku na huku. Wiki ile kabla ya mavuno ule uzi wa ndani unaovuta mshale wa stesheni ulikatika. Mshale ukaganda. Uliganda kwenye stesheni ya Rwanda, ng'ambo ya mto, ambayo kwetu ilisikika safi kama mtu yuko nyuma ya ukuta. Nikasema uzi nitauweka siku nyingine, kwanza redio za wateja. Mganga hajigangi. Na lugha ile haikunisumbua, maana mtu anayeongea Kinyambo nyumbani hashindwi kusikia Mnyarwanda anaposema saa moya, saa mbiri. Alivyosema yule wa redioni ndivyo nilivyoweka mishale.

Unaniuliza, hukujua kwamba saa za kule na za huku ni tofauti? Sikujua. Waliokuwa wanavuka kwenda kuuza na kununua walijua, mimi sikuwahi kuvuka. Mto Kagera nimeuona, mtu wa ng'ambo akianika nguo unaiona rangi ya nguo. Nani angeniambia kwamba mtu yule ninayemwona anaanika nguo yuko kwenye saa nyingine? Hata ungeniambia nisingekubali.

Jumamosi ile Ta Yonasi, yaani Mzee Yonasi kwa Kinyambo chetu, aliniletea saa ya ukutani ya kanisa, imebebwa kwenye kapu kama kuku anayeatamia. Ta Yonasi ndiye aliyepiga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti. Mzee huyu alikuwa mwaminifu kiasi cha kuchosha. Mshale usipofika, hapigi, hata ungemlilia.

"Imesimama tangu Alhamisi," akaniambia. "Na kesho ni mavuno, tuna mgeni."

"Utaichukua leo hii hii, Ta."

"Ikikosea?"

"Ikikosea nikate kidole."

Niliifanya kwa raha yangu yote. Nilisafisha kila jino. Nikasubiri mtangazaji ataje saa, nikaweka mshale, nikampa. Ilitembea vizuri mno. Hilo ndilo lililonitesa baadaye: ilitembea vizuri.

Kesho yake wenye saa zao, ambazo hazijapita kwangu, walifika wakati wao. Mchungaji akafika. Kengele kimya. Wakamtafuta Ta Yonasi, wakamkuta amekaa chini ya rimu anatazama saa aliyoiweka magotini. "Bado," akawaambia. Baba mwenyewe alimwendea akamwomba apige. "Mwanao ameitengeneza jana," Ta Yonasi akasema, "unataka nimwaibishe?" Basi wakaanza ibada bila kengele, kanisa nusu. Nusu nyingine walikuwa nyumbani wamevaa, wanasubiri rimu. Ilipolia, katikati ya mahubiri kama nilivyokuambia, wakaanza kuingia na mikungu ya ndizi kichwani na vikapu vya maharage, wanapiga vigelegele vya sadaka ya mavuno, huku mchungaji anatafuta mahali alipoishia kwenye Biblia. Wengine waliingia wakapewa baraka ya kwenda nyumbani kabla hawajakaa.

Unacheka. Hata mimi leo nacheka. Siku ile vijana walinisubiri nje.

"Masaa! Leo kwako ni Jumapili au bado Jumamosi?"

"Mwacheni, anatengeneza saa za mwaka jana!"

Baba alipita katikati yao bila kusalimu mtu. Nyumbani hakula. Alikuja nilipokuwa nimekaa akasimama.

"Kahawa haijaenda chamani," akasema, "lakini tayari wana jina lingine la kukuita."

"Tata, saa ile haina ubovu."

"Haina ubovu?"

"Ninaapa."

"Nakupa mpaka Jumapili ijayo. Saa ile na za watu wote ulizozigusa ziseme kitu kimoja. Zisiposema, Jumatatu uko kwenye kibanja na mimi."

Mwanangu, ningekuwa nimefanya ujinga ninaoufahamu, ningeurekebisha nikalala. Lakini sikujua ujinga wangu uko wapi. Hilo ni giza baya kuliko yote kwa mtu anayefanya kazi peke yake. Mwenye bosi ana wa kumgombeza. Mwenye mwenzake ana wa kumuuliza. Wewe una meza yako na wasiwasi wako.

Jumatatu nilikaa na saa ya kanisa mbele ya redio. Mtangazaji akataja saa. Mshale uko pale pale. Nikasubiri tena, mshale uko pale pale. Nikasema labda redio ndiyo mgonjwa. Lakini redio mgonjwa hukoroma au hunyamaza, haidanganyi saa! Nikafungua saa tena, nikahesabu meno ambayo sikuwa na haja ya kuyahesabu, nikafunga.

Nikaenda kwa bibi, mama yake baba, nikamwambia nimechanganyikiwa. Akaniambia, "Jua halijawahi kufunguliwa na fundi. Liulize jua." Nikaona ni neno. Nikachomeka kijiti uani, nikakaa nakitazama kivuli kikifupika. Kilipofika mwisho wa ufupi, jua liko utosini, nikaitazama saa ya kanisa: saa sita kasoro kidogo sana. Nikaruka! Jua na redio na saa yangu, mashahidi watatu, wote wanasema kitu kimoja. Nikamkimbilia baba shambani.

"Tata, jua limenitetea."

Baba akaegemea jembe. "Jua lilikuwa kanisani jana?"

Nikarudi kwenye kijiti changu.

Sasa hapo ndipo kichwa kilipovurugika kabisa. Kama mimi ni sawa, basi mchungaji na wote wenye saa wamekosea, na waliwezaje kukosea pamoja bila kuambiana? Kama wao ni sawa, basi jua lina kosa. Nilikwenda mpaka nikafikiri pengine vita viliharibu kitu huko juu. Usinicheke zaidi ya hapo ulipofika. Wewe nawe, siku kompyuta yako ilipogoma bila sababu, mama yako anasema uliipungia mkono kama unafukuza pepo.

Aliyenifumbua macho ni dereva wa lori la kahawa, mtu wa Bukoba, tumbo mbele, aliyekuwa anapumzika sokoni akitafuna kahawa za kukaanga. Alikuwa na saa mkononi. Nikamuuliza inasema nini. Akanitajia. Saa moja mbele ya zangu.

"Umeipatanisha na nini?"

"Na Dar es Salaam. Na nini tena?"

"Na hii?" Nikaiwasha redio yangu. Akasikiliza akacheka mpaka kahawa ikampalia.

"Kijana, hiyo si Rwanda? Wenzako wale wako nyuma saa nzima. Nikivuka pale darajani Rusumo narudisha mshale nyuma, nikirudi naupeleka mbele. Kuvuka Murongo kwenda Uganda siugusi."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini wawe nyuma na jua ni lile lile? Na mbona jua linakubaliana nao?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yameloa. "Mimi naendesha lori," akasema, "siendeshi jua."

Baadaye mwalimu mmoja alinichorea dunia ya mviringo, akanionyesha kwamba saa ya nchi yetu imefuata jua la upande wa pwani, na sisi wa Karagwe tuko mbali na pwani, karibu na Rwanda, ndiyo maana jua letu linafanana na la jirani kuliko la serikali yetu. Nimelielewa jambo hilo mara nyingi. Kila nikilielewa, nikilala nikaamka limeondoka.

Lakini siku ile sikuhitaji kuelewa, nilihitaji kuokoka. Niliweka uzi kwenye redio yangu kabla sijala. Nikaikimbiza Dar es Salaam nikaishika. Kisha nikaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba, kilima hadi kilima, kwa kila mtu niliyemtengenezea saa wiki ile, na hata kwa nisiowatengenezea. "Leta saa yako." Nafungua, naisogeza mbele, nafunga. "Umepona." Siulizi kitu. Nilijiona nagawa chanjo.

Ndivyo nilivyofika kwa Mzee Gasana. Huyu alikuwa Mnyarwanda, amekimbilia kwetu zamani na familia yake, akapewa mahali, akapanda migomba kama sisi. Mtu mtaratibu, Mkatoliki, anayeongea Kiswahili kwa kukipima. Hakuwepo, alikuwa na ng'ombe wake bondeni. Mkewe akanitolea saa ndogo ya mezani, ya ufunguo. Nikaitazama: saa nzima nyuma. Nikaguna kama daktari. Hata sikuwa mimi niliyeitengeneza! Nikaifungua nikaipangusa meno, nikaisogeza mbele, nikakataa malipo, nikaondoka kifua mbele.

Kesho yake asubuhi alikuja kibandani akaiweka saa ile mezani pangu, taratibu, kama anayeweka yai.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani alikuambia saa yangu inaumwa?"

"Ilikuwa nyuma, Mzee. Nimekuwekea ya kweli."

"Ya kweli." Akavuta kiti akakaa. Mtu akikaa kabla ya kukugombeza, mwanangu, jua amekuja na mzigo. "Ulimuuliza mke wangu kwa nini iko nyuma?"

"Hapana."

"Ulimuuliza saa hii tunaifanyia nini?"

"Saa ni saa, Mzee."

"Saa ni saa," akasema. Akawa anatazama watu wakipanga ndizi zao sokoni. "Mimi nina mama kule. Hasomi, na mimi barua zangu nyingi hazifiki. Tulipoagana alisema, jioni nikishamaliza kukamua, ikifika saa moja redioni, nitakaa nitataja jina lako kwa Mungu, na wewe kaa utaje langu. Redio nilikuwa nayo, lakini betri zinaisha, na zikiisha hazipatikani. Saa haiishi. Tangu nimekuja hapa sijaigusa mishale yake. Nikienda sokoni naongeza saa moja kichwani, si kazi. Jana jioni nimetaja jina la mama yangu, nikamaliza, nikasikia redio ya jirani ikisema kule ndiyo kwanza saa kumi na mbili. Kumbe wakati ule mama bado anakamua. Nimetaja peke yangu."

Nilinyoosha mkono nichukue saa nirudishe mishale.

"Acha kwanza," akasema. "Usikimbilie tena. Wewe una mkono mzuri, nimeona ulivyosafisha hata ambacho hukuombwa. Unapenda chuma. Lakini chuma hiki si chako, na kazi yake huijui. Wiki iliyopita uliwachelewesha watu kwa kutouliza, wiki hii umewawahisha kwa kutouliza. Kwangu mimi ni kitu kimoja. Sasa niulize."

"Nikuulize nini, Mzee?"

"Kama fundi."

Nikasema, na sauti ilikuwa ndogo, "Mzee, saa hii unataka ikufanyie nini?"

"Nataka inionyeshe mama yangu amekaa saa ngapi."

"Basi nitairudisha nyuma."

"Irudishe."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilisemwa na wengi maishani, na viongozi, na wenye vyeti, maneno yao nimeyasahau. Ya yule mzee nayakumbuka hata alivyoyapumulia.

Nikaanza mzunguko upya, safari hii kwa kuuliza. Nikakuta mambo. Mwanamke mmoja aliyekuwa akivusha maharage kwenda soko la ng'ambo alikuwa amenilaani tangu jana, maana niliisogeza saa yake akafika sokoni kwao hata meza hazijapangwa. Mwingine hakutaka saa itembee kabisa, ilikuwa ya marehemu mumewe na ilisimama siku aliyofariki. Alitaka kioo tu kisafishwe. Na mimi nilikuwa nimeitia ufunguo! Mungu anisamehe, alipoisikia inalia alitoka nje mbio.

Jumamosi wazee wa kanisa walikuwa na kikao chao. Nikaingia na saa ya kanisa. Nikasalimu, nikaiweka.

"Imepona?" baba akauliza.

"Wazee wangu, naomba kuuliza kwanza. Mnataka saa ipi?"

Baba akafura. "Saa ya kweli!"

"Tata, za kweli ziko mbili."

Hapo ndipo niliona kwamba si mimi peke yangu wa kuchanganyikiwa. Mmoja akasema Bwana Yesu alikata roho saa tisa, sasa ile ilikuwa tisa ya Dar es Salaam au ya wapi? Mwingine akasema jua ni la Mungu, kama linakubaliana na Rwanda tufuate jua. Mwingine akasema yeye alipigana vita, hawezi kusali kwa saa ya nchi ya watu. Ta Yonasi akasema, "Mimi nitafuata iliyo ukutani. Mkiweka ya mwezini nitapiga ya mwezini." Wakabishana mpaka wakachoka. Baba akasema, "Mchungaji akija anatoka Nyakahanga, na Nyakahanga wanafuata Dar es Salaam. Weka hiyo, tusimsubirishe mtu."

"Na jua, Mzee?" mmoja akauliza.

"Jua litajijua."

Nikaweka mbele yao, kwa macho yao. Jumapili Ta Yonasi akapiga, watu wakaingia, ibada ikaanza. Hakuna aliyenisifu. Kitu kikienda sawa, mwanangu, hakina mashangilio. Wewe zoea hilo mapema.

Jumatatu nilikuwa kibandani lakini moyo haukuwepo, maana baba hakuwa amesema neno lolote, ndiyo wala hapana. Nikamwona anakuja na kitu mgongoni. Nikajua ni jembe langu. Lilikuwa bomba la kupulizia dawa mibuni. Akalitua mezani juu ya vyuma vyangu vyote, nusu yake vikaanguka.

"Limeziba," akasema.

Sikuwahi kufungua bomba la dawa maishani. Mikono ilikimbilia bomba, nikaizuia. Nikasema, "Tata, unalipuliza asubuhi au jua likiwa kali? Na ukimaliza unalioshaje?"

Akanitazama. Kisha akakaa, akaanza kunieleza. Alieleza na kueleza, mambo ya mibuni yake ambayo miaka yote ile tunalima pamoja sikuwahi kumsikia akiyasema. Kahawa ilienda chamani msimu ule, jembe langu likabaki ukutani.

Toka hapo nimefungua mabomba, cherehani, redio za kaseti, na miaka ya tisini zilipoanza kuja zile sahani za kukamata umeme wa jua nilikuwa wa kwanza kupanda juu ya bati kuzifunga, sijui hata moja, nimeuliza yote. Saa ya Mzee Gasana niliendelea kuitia mafuta miaka yote hiyo. Mambo ya ng'ambo yakaja yakaharibika kama mnavyojua, mto ukaleta miili ya watu. Siku moja akaja kibandani, akaiweka mezani. "Fundi," akaniambia, "sasa iweke ya hapa." Nikaiweka. Sikumuuliza. Kuna swali la fundi na kuna swali la umbea, na mtu mzima anayatenganisha.

Basi nasaha yangu ni hii, na nitaisema wazi maana siku hizi mnasoma mkiwa mnakimbia.

Penda chombo. Wanaokuambia mapenzi hayo hayaliki hawajawahi kupenda kitu. Mimi yamenilisha, yamewasomesha baba zako. Lakini kujifunza chombo ni nusu ya kazi, na ni nusu tamu, ndiyo maana inalevya. Nusu ya pili ni mtu aliyekileta. Kabla hujagusa, muulize anakitumia wapi, na nani, na kwa ajili ya nini, na akijibu usimkatishe. Kinachoonekana ubovu kwako huenda ndicho alichokuwa anakilinda.

Na kwa kuwa umechagua kuwa peke yako, jua kwamba mtu wa peke yake huwa na stesheni moja tu, na inasikika safi, na ndiyo hatari yake. Tafuta ya pili, hata ikikoroma. Kidole kimoja hakivunji chawa. Usione aibu kumuuliza dereva, wala bibi, wala mtoto wa darasa la pili. Ukichanganyikiwa usijifiche. Mimi nimechanganyikiwa maisha yangu yote na sijafa, na mara nyingi siku niliyodhani nimeelewa kila kitu ndiyo niliyoharibu saa ya mtu.

Mama yako nitaongea naye. Atanung'unika, mwache anung'unike.

Haya, mwanangu. Mungu akupe jicho la kuona kitu kidogo na sikio la kusikia mtu mkubwa. Wateja wako wawe wakali lakini wawe wakweli. Mkono wako usitetemeke mpaka uwe mzee kama huu wangu, na chumba chako kisikose mtu wa kubisha hodi. Nimekubariki kwa yote niliyo nayo. Sasa weka karatasi hii chini, kuna mtu anakusubiri na chombo chake.